Tui la kukuna, la kopo au la unga: lipi linafaa mchuzi wa kugandisha?

Mchuzi wa kupaka, ule mzito wa nazi, uliolala friza mara nyingi hutoka umekatika: mafuta yameelea juu, maji yametulia chini, na katikati zimezagaa punje nyeupe. Wengi huilaumu friza. Friza ina sehemu yake, lakini kinachoamua zaidi ni aina ya tui lililotiwa sufuriani. Hapa tunapima aina tatu zinazopatikana sokoni na madukani kwa kigezo kimoja: baada ya kuganda na kuyeyuka, mchuzi unabaki mzito na laini au la?

Tui ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na kila tone limevikwa utando mwembamba wa protini. Maji yakiganda, barafu huyabana matone pamoja. Mafuta nayo huwa magumu na chembe zake hutoboa utando. Barafu ikiyeyuka, matone huungana yakawa mafuta matupu. Mchuzi unaoganda polepole hufanya chembe kubwa za barafu, na hizo ndizo zinazoharibu zaidi.

Tui la kukuna halina mshindani kwa ladha, ila friza inalishinda, kwa sababu halina kitu cha kulishikilia isipokuwa protini yake yenyewe. Hata hivyo lina njia yake, na kwetu sisi ndiyo njia bora kuliko zote. Pika kuku au samaki kwa tui la pili, lile jepesi, mpaka viungo viive, kisha gandisha hapo. Kasimile, lile tui zito la kwanza, usilitie mpaka siku ya kupasha. Kama hutakuwa na nazi siku hiyo, gandisha kasimile peke yake kwenye trei ya barafu. Kijumba kimoja hubeba takriban vijiko viwili vya chakula. Litajitenga, lakini ukiliyeyusha na kulipiga kwenye blenda na maji ya moto kidogo, linaungana vya kutosha kumalizia mchuzi.

Tui la kopo au boksi ndilo tunalomshauri mtu anayepika sufuria nzima kwa tui lote mara moja. Usichague kwa picha ya nazi, soma viambato. Ukiona E412, ambayo ni gamu ya guari (unga wa kuzidishia uzito unaotokana na mbegu za mmea wa guari), au E466, selulosi iliyotengenezwa maalumu kuzuia maji na mafuta yasitengane, basi hilo lina msaada ndani yake. Lililoandikwa nazi na maji tu ni zuri kwa chakula cha leo, ila kwenye friza litakuwa kama la kukuna. Tazama pia mafuta: gramu 17 hadi 22 kwa kila mililita 100 zinatosha. Matui mepesi ya kupunguza mafuta yana maji mengi, hivyo barafu nayo ni nyingi. Na vinywaji vya nazi vya kunywa na chai usivitie kwenye kupaka kabisa.

Tui la unga hatulipendi kama msingi wa mchuzi. Mara nyingi limechanganywa na maltodekstrini, aina ya wanga uliovunjwavunjwa, na ladha yake huelekea utamu. Angalia pia kama lina kaseinati, ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe: mwenye mzio wa maziwa asilitumie hata kama pakiti imechorwa minazi. Lakini paketi moja kabatini ina faida kubwa. Mchuzi ukitoka friza umeachana, koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga huo kwenye maji ya moto kidogo, utie, upige kwa mchapo. Hunywa maji yaliyojitenga na kurudisha uzito.

Kwa uzito wa mchuzi wenyewe, epuka unga wa ngano na wanga wa mahindi. Wanga wa mahindi hasa, ukiganda, hukaza na kukamua maji, ukawa na vinyweleo kama sponji. Wanga wa muhogo haukamui maji mengi hivyo. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe cha mchuzi kinatosha. Tunasema wanga mweupe laini, si unga wa makopa wa ugali.

Kabla ya kufunga chombo, ondoa viazi na mayai ya kuchemsha. Viazi hurudi vikiwa vya chengachenga na maji, na ute wa yai huwa kama mpira. Ndimu au ukwaju usitie kabla. Asidi hukusanya protini, na ikiungana na barafu mchuzi hukatika maradufu. Hayo yote yana nafasi siku ya kupasha. Mchicha wa nazi na maharage ya nazi havina shida hizi za viazi, mayai na ndimu, ingawa tui lake linaweza kujitenga vilevile.

Chombo kinachofaa zaidi ni mfuko wa zipu wa friza, ule mzito, uliolazwa ubapa mchuzi ukiwa na unene wa sentimita mbili. Unaganda haraka, na hiyo ni nusu ya kazi. Makopo ya aiskrimu huchukua muda mrefu kugandisha katikati, na mifuniko yake huweza kupasuka kwa baridi. Ukitumia kopo lolote, acha nafasi ya sentimita mbili juu, kwa kuwa maji hupanuka kwa karibu asilimia 9 yakiganda. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32, kama ilivyo pwani msimu wa kaskazi, saa moja tu. Kukipoza haraka, weka sufuria kwenye beseni la maji ya barafu ukikoroga.

Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Miezi miwili hadi mitatu ladha bado ipo. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friza iliyojaa hushikilia baridi kama saa 48, iliyo nusu saa 24. Chakula ambacho bado kina barafu ndani kinaweza kurudishwa, ingawa mchuzi wa nazi utaumia zaidi.

Yeyusha ndani ya friji usiku kucha, si mezani. Pasha kwa moto mdogo, ukikoroga upande mmoja, mpaka uchemke taratibu hadi katikati, angalau nyuzi 74 kwa mwenye kipimajoto. Ndipo tia kasimile, viazi vipya vilivyokwisha kuchemshwa na mayai, kisha epua na umalizie ndimu.