Kusoma "Kaguya-sama: Love Is War" kwa tafsiri: kinachofika na kinachobaki njiani

Kwa anayetafuta manga, yaani vibonzo vya Kijapani, ya mapenzi yenye vichekesho, mfululizo huu wa Aka Akasaka ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa mfasiri, ni kazi ngumu kwelikweli. Ulianza kuchapishwa Japani mwaka 2015, ukahamia jarida la Weekly Young Jump mwaka uliofuata, ukamalizika Novemba 2022 ukiwa na juzuu 28. Tafsiri ya Kiingereza ni ya kampuni ya VIZ Media, iliyoanza kutoka 2018.

Kisa chenyewe ni chepesi kukieleza. Kaguya Shinomiya ni makamu wa rais wa baraza la wanafunzi katika shule ya watoto wa matajiri. Miyuki Shirogane, asiye na mali, ndiye rais. Wanapendana, lakini kwao atakayetamka kwanza ameshindwa, basi kila mmoja anamtegea mwenzake mitego. Katibu Chika Fujiwara anapoleta tiketi mbili za sinema, filamu haina maana tena. Vita ni juu ya nani atasema "twende wote". Msimulizi anatangaza kila hila kwa uzito wa mtu anayeripoti vita, na mapambano mengi ya juzuu za mwanzo hufungwa kwa tangazo la nani kashinda leo.

Jambo moja linafaa kueleweka kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kwa vijana wa Japani, uhusiano huanza rasmi pale mtu anapotamka waziwazi kwamba anampenda mwenzake na anaomba wawe wapenzi. Tendo hilo lina jina lake, kokuhaku. Jina la Kijapani la mfululizo, Kaguya-sama wa Kokurasetai, limejengwa juu ya neno hilohilo: Kaguya anataka kumtamkisha mtu mapenzi. Kiingereza kimekipa kisogo kitenzi hicho na kuweka "mapenzi ni vita". Ni jina zuri la kuuzia kitabu, lakini kiini cha mchezo kimefichika, ilhali Kiswahili chenye "kutamka" na "kutamkisha" kingelibeba bila kutoa jasho.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapata faida asiyoitarajia. Neno la Kijapani suki hutumika kwa chakula unachokipenda na kwa mtu unayempenda. Mfasiri wa Kiingereza analazimika kuchagua kati ya neno hafifu na neno zito, na akishachagua, utata umekufa. "Kupenda" kwetu hufanya kazi zote mbili. Zaidi ya hapo, Kijapani huruhusu kusema suki bila kutaja nani anapenda wala nini kinapendwa. Fikiria mhusika anaropoka neno hilo, anaona uso wa mwenzake umebadilika, kisha anaongeza haraka kwamba alimaanisha maua. Kiingereza kikishaandika kiwakilishi cha mtendwa, mlango wa kukimbilia umefungwa. Kwa Kiswahili "napenda" huacha mlango wazi, na "nakupenda" huufunga kwa silabi moja. Kwa hiyo ukikuta kwenye tafsiri mhusika anajitetea kwa sababu isiyoingia akilini, rudisha sentensi kichwani kama "napenda...". Mara nyingi kichekesho kitarudi.

Namna ya kuitana nayo ni silaha. Kaguya humwita Shirogane kwa cheo, kaichō, yaani rais wa baraza. Shirogane naye humwita Kaguya kwa jina la ukoo, Shinomiya. Kuhama kutoka jina la ukoo kwenda jina la kwanza ni hatua kubwa, wakati mwingine kubwa kuliko kushikana mikono. Msomaji asiyefuatilia vibandiko vya heshima au ukaribu vinavyowekwa mwishoni mwa jina, kama -san, -kun, -chan na -sama, atapita juu ya tukio zito akidhani ni salamu tu. Chukua pia kauli ambayo Shirogane anaiogopa kila anapowaza kushindwa: Kaguya akimtazama kwa dharau na kusema o-kawaii koto. Kiingereza kinaishia kwenye "kupendeza kulioje". Maana ni hiyo, lakini kile ki-"o" cha mwanzo ni cha adabu ya kibibi, adabu iliyovutwa mpaka ikawa sindano. Isome kwa sauti ya bibi mkubwa anayemsifu mtoto aliyevaa shati kinyume.

Kuna mizaha ambayo hakuna mfasiri wa kuiokoa yote. Sura ya mbwa wa Fujiwara inasimama juu ya neno chinchin, ambalo ni amri ya mbwa kusimama kwa miguu ya nyuma na pia jina la kitoto la uume. Usimlaumu mfasiri, neno moja lenye maana hizo mbili halipatikani kila lugha. Majina nayo yana tabaka lake: Kaguya ni binti wa ngano ya kale ya mkata mianzi, na majina ya Miyuki na ya mhazini wa baraza, Ishigami, yanatoka kwa wachumba waliokataliwa katika ngano hiyo. Hilo halihitajiki ili ucheke, ila linanogesha.

Sasa usomaji wenyewe. Kitabu hufunguliwa upande ambao sisi tungeuita mwisho. Anza fremu ya juu kulia, nenda kushoto, shuka. Ndani ya fremu pia, kiputo cha maneno cha kulia ndicho cha kwanza. Ukikosea hapo, jibu linatangulia swali, na utani umeharibika bila wewe kujua kwa nini. Kwenye tableti hakikisha programu ya kusomea imewekwa kulia kwenda kushoto. Ukilaza skrini ili kuona kurasa mbili, jalada lisimame peke yake. Likiunganishwa na ukurasa wa ndani, jozi zote zinasogea kwa moja. Michoro ya kurasa mbili inakatika katikati, na, baya zaidi, mshtuko uliopangwa kuonekana baada ya kufungua ukurasa unaonekana mapema. Akasaka anategemea sana mshtuko huo, kwa hiyo hasara ni kubwa.

Simu ndogo siipendekezi kwa mfululizo huu. Visanduku vya msimulizi ni vingi na vimejaa maneno. Mtindo wa kukuza fremu mojamoja unasaidia macho, lakini unavunja pumzi ya ukurasa, kwani nyuso mbili zinazotazamana kimya zinataka kuonekana kwa pamoja.

Kuhusu tanakali za sauti, kuwa macho na hii: katika manga, jii ni kukodoa macho, na shiin ndiyo kimya. Aliyezoea "kimya jii" anaweza kugeuza maana ya fremu nzima. Dokidoki ni moyo unaodunda.

Kila juzuu ina takriban sura 10 na kurasa karibu 200. Soma sura mbili tatu kisha pumzika. Mitego ya mwanzo inafuata kanuni moja na ukiimeza yote kwa mpigo inachosha. Kuanzia tamasha la shule, karibu nusu ya safari, hila zinapungua na hisia zinapanda, na hapo ndipo kazi hii inapong'aa. Juzuu za mwisho zinavutwa mno na mambo ya ukoo wa Shinomiya, na ucheshi unakosa nafasi.

Aliyetazama anime zake, yaani misimu ya katuni za runinga, za 2019, 2020 na 2022 asirukie juzuu za kati. Sura kadhaa fupi na mawazo mengi ya ndani yapo kwenye karatasi tu. Na anayeanza upya asihukumu kwa juzuu ya 1 peke yake: mhazini Yu Ishigami bado hajaingia, na Miko Iino, anayejiunga na baraza baadaye, yuko mbali zaidi.