Memori kadi ya elfu ishirini na tano na sendofu ya Igoma

Klipu ya kumi na moja ilifunguka bila shida: binti anaingia ukumbini na mpambe wake, MC anapayuka, akina mama wanapiga vigelegele. Ya kumi na mbili ikagoma. Ya kumi na tatu nayo ikagoma. Nikashuka hadi ya thelathini na nne. Majina ya faili yote yapo, ukubwa unaonekana, saa na tarehe sahihi kabisa, ila ukibofya unapata kioo cheusi. Ilikuwa Jumapili saa mbili asubuhi, chai inapoa pembeni, na sendofu yenyewe, sherehe ya kumuaga binti, ilikuwa imeisha usiku wa kuamkia siku hiyo kule Igoma, hapa Mwanza.

Kadi ilikuwa imeandikwa GB 128, ndani ya pakiti nzuri, yenye nembo ya kampuni ambayo kila mpiga video anaijua. Niliinunua Ijumaa jioni mjini kwa kijana mmoja anayepanga chaja na kava za simu mezani, maana kadi zangu mbili zilikuwa bado na kazi ya mteja mwingine ambayo sijaihamisha. "Kaka, hii orijino, we ona hata pakiti." Shilingi elfu ishirini na tano. Kadi kama ile madukani nilikuwa naisikia kwa bei mara tatu na zaidi. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilimuuliza kama ana chenji ya elfu thelathini.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu wengi tunadhani kadi feki ni kadi inayokataa kufanya kazi. Haikatai, na ubaya wake ndio huo. Ndani ya kila memori kadi kuna sehemu mbili: chipu inayotunza data na chipu ndogo inayoisimamia, ambayo ndiyo huiambia kamera "mimi nina nafasi kiasi hiki". Wajanja wanachukua chipu ya GB 16 au 8, wanaichezea ile ndogo ili iseme 128, wanachapa lebo, wanapaki. Unaiweka kwenye kamera, inaonyesha 128. Unaifomati, inakubali. Unarekodi, taa nyekundu inawaka kama kawaida. Orodha ya majina ya faili hukaa mwanzoni kabisa mwa kadi, kwenye nafasi ambayo ni ya kweli, ndiyo maana majina unayaona yote. Video zenyewe zikishavuka GB 16 zinamwagwa hewani. Kadi nyingine hufanya kinyume, zinarudi kuandika juu ya zile za mwanzo, unapoteza mlango wa kuingilia badala ya wa kutokea.

Siku ile nilirekodi kwa Full HD, megabiti 50 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, GB 16 zinajaa ndani ya dakika arobaini na kitu. Sendofu ya Kisukuma dakika arobaini hata utambulisho wa ndugu haujafika katikati.

Nilimpigia mama wa binti Jumatatu. Sikutaka kumpigia, nilimzungusha siku nzima ya Jumapili kwa ujumbe wa "naandaa, mama". Nikamweleza kwamba video ya kuingia ukumbini ipo, keki haipo, zawadi hazipo. Akanyamaza kidogo.

"Na baba mkubwa akitoa baraka?"

"Haipo, mama."

"Mwanangu, yule mzee tulimtoa Ukerewe. Kapanda meli kwa ajili ya siku ile."

Hakupiga kelele, na bora angepiga. Nikamrudishia nusu ya hela yake, nikaanza kutembea nyumba kwa nyumba kukusanya video za simu za wageni. Baraka za mzee nilizipata kwa dada mmoja wa Nyakato, zimepigwa kwa simu wima, mkono unatetemeka, na kichwa cha mtu kiko mbele. Ndizo zilizoingia kwenye video ya mwisho.

Kabla sijampigia nilikuwa nimeshajaribu kufufua faili kwa PhotoRec, programu ya bure ambayo imewahi kuniokoa nilipofomati kadi kwa bahati mbaya. Safari hii haikuleta kitu, na sikupaswa kushangaa. Programu ya kufufua inatafuta kilichoandikwa kisha kikafutwa, wakati klipu zangu hazikuwahi kuandikwa kabisa.

Tangu siku ile kadi yoyote ninayonunua, iwe ya dukani kwa risiti au ya zawadi kutoka kwa shemeji, haigusi kazi ya mteja kabla sijaipima. Kwenye Windows natumia H2testw. Ni programu ndogo, ya bure, haina madoido: inajaza kadi yote kwa mafaili ya GB 1, kisha inayasoma yote tena na kulinganisha kama kilichorudi ndicho kilichoandikwa. Wenye Linux au Mac wana F3, inafanya kazi ileile. Ubaya wake ni muda. GB 128 kwa kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde inakula saa moja na dakika kumi kuandika tu, kusoma bado. Mara ya kwanza nilipopima, umeme ulikatika hapa Mabatini kati kati ya zoezi, nikakaa gizani namwangalia mstari wa kijani ukisogea huku betri ya laptopu inashuka asilimia moja moja, kama mtu anayesikiliza penati redioni.

Kati ya kadi tatu za kwanza nilizopima, moja ilifeli. Ilitoka duka la mtu ninayemfahamu, na naamini naye aliuziwa tu. Nilimrudishia kadi, nikaenda na laptopu yangu nikamwonyesha. Akaitoa, akaichomeka kwenye kompyuta yake. "Mbona inaonyesha 64?" Ilituchukua karibu nusu saa pale kaunta, lakini alinibadilishia. Kwa hiyo tunza risiti, na pima siku ileile uliyonunua, siyo baada ya miezi miwili.

Jambo la pili ni kasi, na hapa feki haihusiki kabisa. Unaweza kuwa na kadi halali, nzima, na bado ikakuangusha.

Nilikuwa Mwaloni pale Kirumba alfajiri, napiga video ya dagaa wanavyoshushwa. Kwa aliyewahi kufika anajua: mwanga wa kwanza unapiga maji, mitumbwi imebanana, akina mama wana ndoo, makuli wanapita mbio na matenga wanakupigia kelele uwapishe. Nimeweka kamera kwenye 4K, megabiti 100. Kuli mmoja anatoka majini, maji kiunoni, tenga linavuja kichwani, jua liko nyuma yake. Namfuata. Kamera ikazima kurekodi yenyewe. Sekunde ishirini hivi. Nikabonyeza tena, ikarekodi, ikazima. Jua halikunisubiri.

Kadi ilikuwa ya kuazima, nzima kabisa, ina alama ya 10 ndani ya herufi C. Alama hiyo maana yake kadi inaahidi kuandika si chini ya megabaiti 10 kwa sekunde. Video ya megabiti 100 inahitaji megabaiti 12.5, maana megabaiti moja ni megabiti nane. Kamera inabaki na mzigo ambao kadi inachelewa kuupokea, inauweka pembeni kwenye kumbukumbu yake ya ndani, ikijaa inasimama.

Kumbe kwenye uso wa kadi kuna namba nyingi na karibu zote hazimhusu mpiga video. Ile kubwa kuliko zote, 170 au 200, ni kasi ya kusoma, yaani kuhamisha kwenda kwenye kompyuta, tena "hadi", na tena kwa kisomaji maalumu, kwa sababu mfumo wa kawaida wa kadi hizi, UHS-I, mwisho wake ni megabaiti 104. Zile zinazoandikwa 633x ni hesabu ya zamani, kila x moja ni kilobaiti 150, kwa hiyo 633x ni megabaiti 95 tu zilizovalishwa suti. A1 na A2 ni mambo ya programu za simu. Unachotafuta ni kialama kidogo, mara nyingi pembeni: V30, V60 au V90. Namba hiyo ndiyo megabaiti ambazo kadi imeahidi kutoshuka chini yake wakati wa kurekodi mfululizo. U3 ni sawa na V30 kwa ahadi, na U1 ni sawa na ile C10 iliyonitia aibu Mwaloni.

Kwa kamera nyingi tunazotumia mtaani, zinazoishia megabiti 100 au 200 hivi, V30 inatosha na inabaki. Ukiona rafiki yako ana kamera inayorekodi megabiti 400, hiyo ni megabaiti 50 kwa sekunde, ndipo V60 inapoingia. V90 nimeishika mara moja, ya Sony ile inayoitwa Tough, ya jamaa anayefanya kazi za televisheni. Haina hata kile kitelezi cha kufungia pembeni, imemwagwa kipande kimoja kama jiwe. Nzuri sana, ila kwa bei yake nikairudisha mkononi mwake polepole. Tena kadi hizo zina safu ya pili ya vipini nyuma, yaani vibati vya kugusana na kamera, na kama tundu la kamera yako halina vipini hivyo kadi itafanya kazi kwa kasi ya kawaida tu, unakuwa umenunua basi la kupeleka watu wawili.

Nilizobaki nazo ni SanDisk Extreme Pro mbili za GB 64 na Kingston Canvas Go! Plus mbili, moja ya 64 na moja ya 128, zote V30. Zote nilizipima, zote zimefanya kazi zaidi ya mwaka, hakuna iliyosimama katikati ya tukio. Ukiniuliza tofauti ya SanDisk na Kingston wakati wa kurekodi, sioni. Wakati wa kuhamisha ninaona kidogo, lakini kisomaji changu ni cha kawaida, labda tatizo ni langu. Kilema nilichokutana nacho ni kile kitelezi: cha moja kimelegea, ukiichomeka kinashuka chenyewe na kamera inadai kadi imefungwa. Nimekibana kwa selotepu nyembamba. Siyo kazi ya kujivunia mbele ya mteja.

Kwa nini za 64 na si 256 moja? Kwa megabiti 100, GB 64 ni saa moja na dakika ishirini hivi. Nabadilisha kadi kati ya kanisani na ukumbini, tena kati ya utambulisho na chakula. Kamera yangu ina tundu moja tu, siwezi kurekodi kwenye kadi mbili kwa pamoja kama wenye kamera kubwa, kwa hiyo nikipoteza, nipoteze kipande, si harusi nzima. Kwenda chini zaidi ya hapo, yaani GB 32, sishauri: kadi hizo huja na mpangilio usioruhusu faili kuzidi GB 4, na kamera hukatakata video kila dakika tano. Zinaunganika, lakini kwenye hotuba ndefu ni kero. Na kile kikadi kidogo cha simu ndani ya adapta sikitumii kwa kazi kuu. Ni mahali pa pili pa kugusana, na jasho la mikono na mchanga wa ufukweni vinapenda sana mahali kama hapo.

Kuhamisha nako kumebadilika. Zamani tukitoka na harusi Sengerema, foleni ya kivuko pale Busisi ndiyo ilikuwa ofisi yangu. Nafungua laptopu kwenye gari, nahamisha kadi zote kwenda kwenye diski ya nje, napata hata mhogo wa kuchoma. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu zile unazimaliza kabla laptopu haijawaka vizuri. Silalamiki, Mungu anisamehe, ila ilibidi nijifunze kuhamisha ukumbini wakati watu wanakula. Kadi iliyojaa naipaka tone la rangi ya kucha nyekundu ya mke wangu kwenye kiboksi chake, na haifomatiwi mpaka video iwe imehifadhiwa mahali pawili tofauti. Kufomati nafanya ndani ya kamera yenyewe, siyo kwenye kompyuta.

Ile ya elfu ishirini na tano sikuitupa. F3 ina namna ya kuirudisha kadi feki kwenye ukubwa wake halisi, nikaifanyia, ikakiri yenyewe kuwa ni GB 16. Sasa imo kwenye redio ya bajaji ya mdogo wangu, njia ya Buzuruga. Juzi nilipanda akaniuliza kwa nini nimemwekea nyimbo chache wakati kadi imeandikwa 128.