A Wizard of Earthsea: nimekisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, na mtoto pembeni

Nilikinunua Nairobi, kwa muuza vitabu vya mtumba aliyetandaza turubai kando ya njia, shilingi 250. Karatasi zimepauka, jalada limekunjika pembe mbili, na mwenyewe wa kwanza aliandika jina lake ndani kisha akalikatakata kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kitabu ni A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1968. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, kimyakimya. Mara ya pili kwa sauti, jioni baada ya jioni, nikimgeuzia kwa Kiswahili binti wa kaka yangu mwenye miaka kumi na mmoja, anayekaa kwangu Mombasa kwa ajili ya shule. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifungulia kitabu.

Shida ilianza na neno la pili la jina la kitabu, Wizard. Huyu kijana wa hadithi nimwiteje? Mchawi? Kwetu mchawi ni mtu wa usiku, adui wa jirani yake, na hakuna mtoto atakayemwonea huruma. Mganga? Mganga yuko karibu zaidi, lakini mganga huagua na kutibu, na huyu anaita upepo ukamjazia tanga. Siku tatu nilisema "mchawi" kwa kukosa jingine, mpaka kaka yangu akapiga simu tukiwa katikati ya sura, akasikia, akaniuliza, "Dada, unamsomea mtoto nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimweleza hadithi yote kwa nusu saa, naye akasikiliza, mwisho akasema, "Basi huyo si mchawi. Huyo ni mtu aliyesoma." Tangu siku hiyo tunamwita mjuzi. Na kwa kweli kaka yangu, ambaye hajakishika kitabu hiki mkononi, alikuwa amekieleza vizuri kuliko jalada lake.

Maana huko Earthsea, ulimwengu wa visiwa vingi uliobuniwa na Le Guin, nguvu ni elimu ya majina. Kila kitu kina jina lake la kweli katika lugha ya kale, lugha iliyotumika kuumba ulimwengu huo, nayo ndiyo lugha ya majoka mpaka leo. Ukilijua jina la kweli la mwewe, mwewe atakujia. Ukilijua la mtu, umemshika mtu huyo. Kwa hiyo watu wanaishi kwa majina ya kuitwa tu, na lile la kweli mtu humwambia yule tu anayeweza kumkabidhi maisha yake. Kijana wetu alizaliwa akaitwa Duny, majirani wakamwita Sparrowhawk, nami nikamwita Kipanga. Alipotimiza miaka kumi na mitatu alivuka maji ya baridi ya kijito, na ng'ambo mzee Ogion akamnong'oneza jina lake la kweli, Ged. Na jambo ninalolipenda sana: katika lugha hiyo ya kale binadamu hawezi kusema uongo. Majoka wanaweza, kwa sababu ni lugha yao wenyewe.

Nilidhani hapo nitahitaji kumfafanulia mtoto. Wapi! Alielewa mara moja. Mimi nimekulia Lamu, na nyumbani tuliambiwa ukisikia sauti usiyoijua inakuita jina lako usiku, usiitike. Naye ameambiwa vivyo hivyo na bibi yake. Na kila mtu wa pwani anajua kwamba anayekwenda kuaguliwa huulizwa jina lake na jina la mama yake. Sikumwambia kwamba haya na yale ni mamoja, kwa sababu si mamoja. Ila mlango wa kuingilia kitabu tulikuwa nao tayari.

Sasa niseme kwa nini utaratibu huu wa nguvu ni bora kuliko wa vitabu vingine vya aina hii nilivyosoma. Huko kwingine mtu huzaliwa na kipaji, hupata fimbo, hutamka neno, kitu kikalipuka. Hapa kuna kazi. Kwenye kisiwa cha Roke kuna shule ya wajuzi yenye walimu wakuu tisa, na mmoja wao anafundisha majina tu, katika mnara ulio peke yake kwenye rasi ya kaskazini. Anawaandikia wanafunzi orodha ya majina, na ikifika usiku wa manane wino unafutika wenyewe. Umehifadhi, hukuhifadhi, karatasi ni nyeupe. Niliposoma hapo nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyesoma Kurani chuoni kwa ubao wa mti. Aya inaandikwa kwa wino, ikikaa kichwani, ubao unaoshwa, inaandikwa nyingine. Bibi aliwahi kuniambia kwamba ubao ukishaoshwa hamna pa kurudi, ndiyo maana yeye hakusahau. Ged anachukia mnara ule, mchafu kwa vumbi la majina, na mimi nampenda zaidi kwa kuchukia kwake na kuendelea.

Mwalimu huyo ndiye anayeeleza mpaka wa nguvu, na sijaona mpaka uliotungwa kwa akili kama huu. Bahari ina jina, ndiyo. Lakini jina moja la bahari yote halitoshi, kwa sababu kila ghuba, kila mlango wa maji, kila mwamba na kila mkondo una jina lake la kweli. Anayetaka kuiamrisha bahari nzima atabidi ayajue yote, na maisha hayatoshi. Kwa hiyo mjuzi anakiweza kile tu kilicho karibu naye, anachoweza kukitaja barabara, bila kubakisha. Baba yangu alikuwa nahodha. Kutoka Shela mpaka Kiwayu alijua majina ya miamba ambayo haimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona, na kupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kule Lamu, maji yakiwa yametoka alikuwa akiyataja kwa sauti ya chini, moja moja, mkono uko kwenye usukani. Nilikuwa nikidhani anaomba dua. Kumbe alikuwa anahesabu njia. Sijui ni mwandishi gani mwingine wa mbali aliyewahi kunirudisha kwenye chombo kile.

Kiswahili pia kilinisaidia mahali ambapo Kiingereza kinatumia maneno mengi. Mwalimu mwingine anachukua kijiwe, anakigeuza almasi mbele ya macho ya Ged, kisha anamweleza kwamba kile bado ni kijiwe. Kimebadilika kuonekana tu. Kukibadilisha kweli kunataka kulibadilisha jina lake, na ukilibadilisha jina la kijiwe kimoja umeigusa dunia nzima. Nilisema "kiinimacho", mtoto akaitikia kwa kichwa, tukaendelea. Neno moja tu.

Na hapo ndipo penye moyo wa kitabu: Mizani. Dunia ile imekaa sawa, na kila tendo la nguvu linavuta upande mmoja wa kipimo. Mvua ukiisukuma itoke hapa, inaweza kuwa tufani kule. Kwa hiyo Ogion, ambaye uwezo wake ni kunyamazisha tetemeko la ardhi, akinyeshewa njiani anatafuta mti mnene na kulala chini yake. Ged, mwanafunzi wake, anachutama kichakani amelowa, amenuna, akijiuliza uwezo una faida gani kama mwenye uwezo hautumii. Binti alikuwa upande wa Ged kabisa. "Si angeisukuma kidogo tu, shangazi?" Nikamuuliza, ikaanguke wapi? Tukaketi na swali hilo mpaka usiku ukawa mkubwa, akapendekeza baharini, kisha mwenyewe akakumbuka wavuvi.

Gharama haiko kwenye dunia peke yake, iko mwilini pia. Ged akiwa na miaka kumi na miwili anaokoa kijiji chake kwa kufuma ukungu, maadui wapotee humo, na baada ya hapo hasemi, hali, halali, mpaka Ogion anakuja kumrudisha. Baadaye, kwa kiburi cha ujana na maneno ya mwenzake aitwaye Jasper, anamwita mtu aliyekufa zamani, na kwenye ufa alioufungua kinatoka kitu kingine, kivuli kisicho na jina. Mkuu wa shule anakufa akiuziba ufa huo. Sehemu iliyobaki ya kitabu ni Ged na kivuli hicho. Kisicho na jina utakishikaje? Sitasema jibu. Nitasema tu kwamba kanuni zote zilizowekwa tangu ukurasa wa kwanza zinatimia mwishoni bila hata moja kuvunjwa, na mimi niliweka kitabu kifuani nikakaa kimya.

Kuna usiku mmoja tulikatiza. Ged ni rafiki wa fundi wa mashua kwenye kisiwa kidogo, na mtoto wa fundi huyo anaumwa. Ged amefundishwa kwamba ugonjwa utauganga, lakini roho inayoondoka uiache iende. Kwa upendo anaifuata mpaka nchi ya wafu, na yeye mwenyewe karibu asirudi. Binti alilia. Nilifunga kitabu, nikampa uji, hatukusoma siku mbili. Mzazi anayefikiria kumnunulia mtoto mdogo ajue hilo. Mimi siwezi kuliita kasoro.

Kasoro ninazo mbili. Ya kwanza ndiyo inayoniuma. Shule ya Roke ni ya wanaume tu, na kisiwani kwa Ged kuna msemo wa kuudharau ujuzi wa wanawake kuwa ni dhaifu na ni muovu. Ilhali aliyemfungulia Ged njia ni dada wa mama yake, mwanamke wa kijijini, alipogundua kwamba ameita mbuzi kwa maneno aliyoyaiba mdomoni mwake. Mbuzi walimjia wote, wakamsonga, hawakutaka kuondoka, na ni mwanamke huyo aliyewafungua. Kisha kitabu kinamwacha nyuma kama mjinga. Nikiwa shangazi ninayesoma kwa sauti, mbele ya msichana, sikuweza kupita pale kimya. Tulisimama, tukasema kwamba hapa mwandishi amekosea. Kwa haki yake, Le Guin mwenyewe alilirudia jambo hili: mwaka 1990 alitoa Tehanu, kitabu cha nne, kinachoitazama dunia ileile kwa macho ya wanawake.

Ya pili ni ndogo. Safari za baharini za theluthi ya mwisho ni ndefu, visiwa ni vingi, na mtoto alianza kupiga miayo. Mimi sikuchoka hata kidogo. Kuna mashua moja Ged anaiunga kwa mbao za ufukweni na kuishikilia kwa maneno, akili ikilegea kidogo itaachana vipande. Kisha mzee mmoja mvuvi anampa mashua ya kweli, kwa kumtibu mtoto wa jicho, na anamwagiza aichoree macho pande mbili za omo. Macho! Niliruka kitini. Chombo cha baba kilikuwa na macho, kama majahazi ya Lamu yalivyo, na nilipokuwa mdogo niliamini ndiyo yaliyomwonyesha Mkanda usiku.

Na jambo ambalo Le Guin analitaja bila makelele: Ged ni mweusi wa kahawia inayoelekea wekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi kabisa, na weupe ni wale waliovamia kijiji cha Ged. Majalada mengi hayakumwonyesha hivyo. Langu pia halikumwonyesha, kwa hiyo binti amelifunika kwa karatasi na kuchora Ged wake.

Kiingereza chake kimepangwa kama masimulizi ya wazee, sentensi zina mwendo, na msomaji wa sekondari atakiweza akienda polepole. Kwa mtoto mdogo, msomee. Lipo juzuu kubwa la mwaka 2018 lenye hadithi zote za Earthsea na picha za Charles Vess, lakini kwa kuanzia tafuta kitabu hiki peke yake, chembamba, kinachoshikika kwa mkono mmoja mwingine ukiwa na kikombe.

Tumeshaanza cha pili, The Tombs of Atuan cha mwaka 1971. Safari hii ni msichana, aliyechukuliwa mdogo akapelekwa kulinda makaburi, na jambo la kwanza wanalomfanyia ni kumnyang'anya jina lake. Binti ameniuliza kama atarudishiwa. Nimemwambia aweke mto vizuri, tusome.