Kitufe chekundu, na fundi aliyeniambia "bonyeza tu"

Hita hii nilishaipa nyota moja moyoni kabla sijakaa kuandika. Sasa sina hakika tena, maana hasira yangu imehama, imemwelekea mtu.

Ni hita ya maji ya umeme, ya tangi, yenye elementi mbili, yaani vyuma vya kupasha maji, moja juu na moja chini. Ilitutumikia vizuri muda mrefu. Halafu alfajiri moja maji yakatoka baridi nyumba nzima. Nikamwita fundi. Alifungua mfuniko wa juu, akasogeza sponji, akabonyeza kitufe chekundu, kikalia "klik", akafunga. Hata dakika tano hazikufika. Akalipwa, akaenda zake. Baadaye maji yalikuwa moto, nami nikamsifia kwa majirani.

Hazikupita siku nyingi, baridi tena. Nikampigia simu. "Mama, mbona kitu rahisi hicho? Fungua mfuniko, bonyeza tu." Nikachukua bisibisi, nikafungua, nikabonyeza. Sikuzima umeme, kwa sababu hakuniambia nizime.

Hapa ndipo ninaposhindwa kuandika kwa utulivu. Pembeni ya kile kitufe, sentimita chache tu, kuna skrubu za nyaya zilizo wazi, zenye umeme wote unaoendesha hita. Kupunguza themostati, kile kidhibiti cha joto, hakuuondoi umeme huo. Unazima breka ya hita, ile swichi inayokata umeme wake, unapima kwa tesita kuhakikisha hakuna kitu, ndipo unaingiza kidole. Mimi nilikuwa nimetoka kufua, mikono imelowa. Yeye anajua kilichopo nyuma ya ule mfuniko, ndiyo kazi inayomlisha, na hakuona haja ya kuongeza maneno mawili: zima umeme.

Mara ya tatu ilikuwa jioni. Maji yalitoka yakifuka mvuke, mwanangu akachomoa mkono kwa kilio. Maji ya nyuzi 60 tu yanamuunguza mtu mzima ndani ya sekunde kama tano, na mtoto haraka zaidi. Haya yalikuwa yamepita hapo. Tuliuweka mkono chini ya bomba la baridi dakika 20, na namshukuru Mungu haukutoa malengelenge. Nikaenda kwenye hita, safari hii nimezima breka kwa woga wangu mwenyewe. Kitufe kilikuwa kimeruka, na kila nikikibonyeza kinagoma kushika.

Nikapiga simu tena. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa: "Mama, unabonyeza vibaya. Hita ni nzima, nyie ndio mnatumia maji mengi."

Mnatumia maji mengi! Maji yakiisha moto kwa matumizi, unasubiri, tangi linapasha mengine, yanarudi yenyewe bila mtu kugusa chochote. Kitufe chekundu hakihesabu ndoo. Kinaruka maji yakipata moto kupita kiasi, kwenye hita nyingi ni kuanzia nyuzi 77 hivi, na kikiruka kinakata umeme mpaka mtu akirudishe kwa mkono. Tena hakikubali kurudi tangi likiwa bado linachemka. Kwa hiyo sikuwa nabonyeza vibaya. Kitufe kilikuwa kinakataa kwa haki yake, na fundi wangu alikuwa amekilazimisha kunyamaza mara ya kwanza, kisha akanifundisha nami nikinyamazishe.

Fundi wa pili alizima breka kabla hata ya kuweka mkoba chini. Alipima elementi zote mbili kwa mita, zikawa salama. Akafungua mfuniko wa chini, ambao mwenzake hakuwahi kuugusa, akaniita nione. Themostati ya chini inatakiwa ilale imebana kwenye ukuta wa tangi, kwa sababu inausikia moto wa maji kupitia chuma hicho. Yetu ilikuwa imeachia, kishikio kimepinda, kuna mwanya wa kupitisha ukucha. Ilikuwa inapima hewa. Ikadhani maji hayajapata moto, ikaendelea kuamrisha elementi, maji moto yakapanda juu mpaka kitufe kikakata kila kitu. Akabadilisha kishikio, akabana, akakaza na skrubu moja ya waya iliyokuwa inacheza. Akaniwekea nyuzi 60, akanieleza kwamba akishusha sana bakteria huweza kukaa tangini, akashauri vali ya kuchanganya ili maji ya bombani yatoke yamepoa kidogo. Tumeifunga.

Tangu hapo kitufe hakijaruka.

Basi hita niipe nini? Kile kitufe kilitulinda mara tatu, siwezi kukilaumu. Nilitaka kupandisha mpaka nyota nne. Halafu nikarudi kusoma kijitabu chake: "Maji yakiwa baridi, bonyeza kitufe chekundu." Basi. Hakuna neno kuhusu kitakachokuwa kimeharibika kikiruka mara ya pili, na onyo la kuzima umeme liko kurasa kadhaa mbele, kwa herufi ndogo. Aliyeandika hivyo na fundi wangu wa kwanza wamesoma shule moja.

Tatu. Hapana, nikiukumbuka ule mkono, mbili. Fundi wa kwanza simpi hata moja, na namba yake nimeshaifuta.