Chungu changu cha umeme cha kuyeyushia madini ya risasi: nilichotengeneza, na wakati wa kununua kingine

Chungu changu kilipoanza kugoma, kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: tupa, nunua kipya. Aliyeniuzia hata vipuri hakuwa navyo. Sikununua. Nimekitengeneza mwenyewe, na leo kinatunza joto kuliko kilivyokuwa kinatoka dukani. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaosubu chubwi zao za kuvulia, na hata wale wanaosubu risasi za bunduki za kulengea shabaha, maana vyungu vyetu ni vilevile.

Changu ni cha aina ile yenye valvu chini: unanyanyua mpini, risasi inateremka moja kwa moja kwenye kalibu bila kuchota kwa upawa. Kinabeba kilo 9 hivi, wati 700, volti 240. Ukikifungua utashangaa jinsi kilivyo chepesi kueleweka. Kuna bakuli la chuma, koili ya kupasha moto iliyozungushwa nje ya bakuli, thamostati (swichi inayokata na kurudisha umeme kufuata joto), nyaya chache na bati la kufunikia. Basi. Kila kimoja kati ya hivyo unaweza kukipima kabla hujatoa hela yoyote, na ndiyo maana lile jibu la "tupa" linaniudhi.

Dalili zilianza taratibu. Kilichelewa kupata moto, baadaye kikawa kinayeyusha siku moja na kugoma siku ya pili, mwishowe taa inawaka lakini risasi imelala palepale, ngumu. Nilichomoa plagi, nikakiacha kipoe mpaka bakuli likashikika kwa mkono, ndipo nikafungua bati. Hapa nisisitize jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: ndani ya bati hilo mna vumbi la risasi. Vaa glavu, ulifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Kitambaa kikishafanya kazi kitupwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kuliwa.

Watu wengi hukimbilia kulaumu koili, kwa hiyo nilianza na hiyo. Hesabu ya ukinzani wake, yaani omu inazotakiwa kusoma, ni rahisi: chukua volti, zidisha kwa volti, gawa kwa wati. Volti 240 na wati 700 zinakupa omu 82 hivi. Nikaziweka ncha za mita kwenye miguu ya koili, ikasoma 84. Nzima kabisa. Nikapima tena kati ya mguu wa koili na mwili wa chungu, mita haikusoma kitu, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu ikisoma hapo maana yake umeme unavuja kuja kwenye chuma unachokishika.

Ugonjwa ulikuwa kwenye maungio. Kile kiatu cha waya kinachovikwa kwenye mguu wa koili kilikuwa kimegeuka rangi ya zambarau iliyoungua, na nilipokigusa kwa kidole kikazunguka chenyewe. Nilipouvuta waya, ganda lake likapasuka na kumwagika vipande vipande. Shaba ndani ilikuwa nyeusi. Kiungio kikilegea kinapata moto, moto unakitia kutu, kutu inazuia umeme, na moto unazidi. Thamostati nayo nilipoifungua, vile vidoto viwili vinavyogusana vilikuwa vimechimbika na kuungua.

Nyaya nilizibadilisha zote. Usiweke waya wa kawaida wenye ganda la plastiki, hautadumu karibu na bakuli lile. Unataka waya wenye ganda la nyuzi za kioo, ule unaotumika kwenye oveni na majiko ya umeme, na viatu vya chuma au vilivyopakwa nikeli, vilivyobanwa kwa koleo lake. Kuchomea kwa risasi ya fundi redio hapa ni kujisumbua. Ile ya kawaida yenye madini ya bati asilimia 63 inayeyuka kwenye nyuzi joto 183, na chungu chenyewe kazi yake ni kupita 327.5, pale risasi safi inapoyeyuka. Waya wa ethi niliufunga kwenye chuma kilichopigwa msasa mpaka kikang'aa, si juu ya rangi.

Kwenye thamostati ndipo nilipofanya uamuzi ambao sijaujutia. Badala ya kurudisha ileile ya kuzungusha, niliweka kidhibiti joto cha kidijitali, kihisi joto cha aina ya K (nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani) kilichozama ndani ya risasi katika mrija wa chuma kisichoshika kutu, na relei ya kielektroniki, yaani swichi inayowasha na kuzima koili kwa amri ya kidhibiti. Thamostati ya zamani ilikuwa inaacha joto lipande na kushuka sana. Chubwi moja inatoka nzuri, inayofuata ina makunyanzi kwa sababu risasi imepoa. Sasa naweka 380 na inakaa hapohapo. Chungu cha wati 700 kinavuta ampia 3 tu, kwa hiyo relei yoyote ya ukubwa wa kueleweka inatosha, mradi uifunge juu ya bati la kupoza na iwe mbali na joto. Ila relei hizi zina tabia moja mbaya: zikifa, mara nyingi zinafia zimewasha. Kwa hiyo niliacha swichi ya kawaida ya kukata umeme mkononi mwangu, na chungu kikiwaka siondoki.

Kujua joto kamili kuna faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Vile vizito vya kusawazisha magurudumu ya magari tunavyookota ili tuviyeyushe, siku hizi vingi ni vya zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419.5. Ukibaki chini ya 400, zinki inaelea juu ikiwa ngumu na unaiopoa kwa kijiko. Ukipitiliza, inachanganyika, risasi inakuwa nzito kama uji na haijazi kalibu tena. Tena kadiri unavyokaribia 500 na kuendelea, mvuke wa risasi unaanza kuwa wa kuogopwa, na utando wa juu unazidi.

Valvu ilikuwa inadondosha tangu mwanzo. Hiyo ni takataka tu, iliyokaa kati ya sindano na tundu. Nilimwaga risasi yote, nikaisaga sindano ndani ya tundu lake kwa ile dawa ya kusagia valvu za injini, nikasafisha. Tangu hapo vyuma chakavu havigusi chungu hiki. Nayeyusha kwanza kwenye sufuria kuukuu ya chuma juu ya moto, nje, nachanganya na nta kidogo, naondoa uchafu, namimina vipande. Vipande safi ndivyo vinavyoingia humu. Na viwe vikavu. Tone la maji likizama ndani ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke papo hapo na kuirusha yote hewani, usoni mwako.

Kuna hali ambazo nami ningenunua kipya bila ubishi. Bakuli likitoboka au kupinda, usilichomelee. Koili ikikatika na mtengenezaji haiuzi peke yake, kwisha. Koili inayovujisha umeme kwenye mwili huwa imenyonya unyevu kwenye unga mweupe wa kuzuia umeme uliojazwa ndani yake, hasa chungu kikikaa stoo muda mrefu. Iokwe kwa joto dogo, ipoe, ipimwe tena, na ikiendelea kuvuja iage.

Kabla ya kulipa soma kile kibati cha nyuma. Vyungu vingi vinatengenezwa kwa soko la Marekani, volti 120. Ukichomeka hicho kwenye 240 nguvu inapanda mara nne: wati 700 zinakuwa 2800, na koili haina uwezo wa kuzihimili. Kibadili plagi hakikusaidii hapo, unahitaji transfoma yenye wati za kutosha. Halafu muulize muuzaji swali moja tu: koili na thamostati ya chungu hiki unaziuza mbalimbali? Akisema hapana, nenda kwa mwingine.