Kuishi na familia mwenyeji St. Petersburg: uzoefu wangu wa siku za mwanzo

Huduma ninayoizungumzia hapa ni ile ya mwanafunzi wa lugha kupangiwa nyumba ya Warusi badala ya bweni. Kwa mujibu wa mkataba, nililipia chumba cha peke yangu, staftahi na chakula cha usiku, kufuliwa nguo mara moja kwa juma, ufunguo wa nyumba na matumizi ya intaneti. Nilifika mwanzoni mwa Septemba nikitokea Zanzibar, nikiwa nimeshajifunza herufi na salamu katika Kituo cha Utamaduni cha Urusi kilichoko Dar es Salaam, na nikapangiwa kwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu, anayeishi na binti yake kwenye Kisiwa cha Vasilyevsky, katika fleti ya ghorofa ya nne isiyo na lifti. Maelezo niliyopewa kabla ya safari yalihusu bei na umbali wa kwenda shule, ilhali kilichonifaa kuliko vyote katika huduma hii hakikuandikwa popote, nacho ni meza ya jikoni.

Jikoni pale ni padogo, lakini ndipo familia inapoishi hasa. Kila jioni, vyombo vikishaondolewa, mama huchemsha maji, akamimina kidogo katika kila kikombe chai ya rangi nzito aliyoitia ndani ya birika dogo la udongo, kisha akaongezea maji ya moto mpaka ipatikane rangi anayoitaka kila mtu. Chai hiyo hainywewi na maziwa. Hunywewa na jamu inayoliwa kwa kijiko. Nilimpelekea iliki na karafuu kama zawadi, na kwa kuwa alipenda harufu ya iliki, akawa anatia punje moja ndani ya birika. Hapo mazungumzo huanza, na huendelea kwa muda mrefu: bei ya viazi, jirani wa ghorofa ya chini, shamba lao dogo la nje ya mji wanalokwenda Jumamosi kuvuna na kutia matango kwenye mitungi ya chumvi. Darasani mwalimu alikuwa akisema polepole kwa ajili yetu, lakini jikoni watu walisema kwa kasi yao, na ilinibidi nisikilize kwa bidii kubwa.

Wanaojua Kirusi wanajua kwamba nomino zake hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi, na kwamba hali hizo ni 6. Nilizisoma katika jedwali na kuzikariri bila ya kuweza kuzitumia. Mama alinifundisha kwa vitu vilivyokuwa mbele yetu: hiki ni kikombe, sina kikombe, mpe kijiko, koroga kwa kijiko, na hakunipa sukari mpaka niiombe kwa umbo lililo sahihi. Alikuwa akifanya hivyo kwa upole wa mtu aliyefundisha watoto maisha yake yote. Naamini kwa dhati kwamba mwanafunzi anayelipia nyumba ya wenyeji kisha akala haraka na kujifungia chumbani na simu yake, amepoteza sehemu kubwa ya fedha zake. Hata kupiga simu nyumbani hakuhitaji kuwakimbia, kwa sababu saa za St. Petersburg ni sawa na za Afrika Mashariki. Mama yangu mzazi alikuwa akipiga baada ya Isha ya Zanzibar, na wenyeji wangu wakamwamkia kwa ishara.

Tarehe 8 Septemba iliangukia katika juma langu la kwanza. Siku kama hiyo mwaka 1941 jeshi la Ujerumani liliukata mji, uliokuwa ukiitwa Leningrad, kutoka njia zote za nchi kavu, na mzingiro haukwisha kabisa hadi 27 Januari 1944. Mama mzazi wa mwenyeji wangu alikuwa mtoto mjini humo wakati huo. Mwisho wa Novemba na katika Desemba 1941, posho ya mtoto ilikuwa gramu 125 za mkate kwa siku. Niliambiwa hayo pale pale mezani, na nikafahamu kwa nini makombo ya mkate hukusanywa kiganjani na hayatupwi. Tulikwenda pamoja kwenye makaburi ya Piskaryovskoye, walikozikwa karibu watu nusu milioni, wengi wao katika makaburi ya pamoja yaliyoandikwa mwaka tu. Tulibeba maua ya idadi ya shufwa, maana kwa Warusi hayo ndiyo ya marehemu. Anayekwenda kumpa mwenyeji wake maua na ayafanye witiri. Hakuna ratiba ya shule ambayo ingenipeleka pale kwa namna ile, nikiwa nimeshikwa mkono na mtu mwenye wafu wake mahali hapo.

Kuhusu chakula, nina la kusifu na la kulalamikia. Wakala aliyenishughulikia, ambaye sitamtaja, alinihakikishia kwamba familia imezoea wageni Waislamu, kumbe hawakuwa wamewahi kumpokea hata mmoja. Jambo hilo si dogo, kwa sababu nyama ya nguruwe huingia mahali ambapo mgeni hategemei: ndani ya soseji za asubuhi na katika pelmeni, yaani vidonge vya unga vilivyojazwa nyama ya kusaga na kuchemshwa, ambamo ya nguruwe mara nyingi huchanganywa na ya ng'ombe. Nilipoeleza, binti alitoa kila kitu kwenye friji akanisomea vibandiko kimoja kimoja, na tangu siku hiyo mama alipika samaki, supu ya kabichi au ya bitiruti isiyo na nyama, na ile nafaka ya kahawia iitwayo grechka, ambayo kwa siagi inashibisha vizuri. Shibiti, jani lao la kiungo, hutiwa karibu katika kila chakula. Ijumaa nilitembea kwa miguu kupitia daraja la Birzhevoy hadi Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1913 na kuba lake la buluu likaigwa kutoka kaburi la Timur, mtawala wa zamani wa Asia ya Kati, lililoko Samarkand. Humo nilikutana na Watatari, Wauzbeki na Watajiki, nao wakanielekeza wanakonunua nyama halali. Mama akawa ananituma huko na orodha yake mwenyewe.

Baridi ilinipata ndani kuliko nje. Katika miji ya Urusi joto la majumbani huletwa na mabomba ya mji mzima, na hufunguliwa pale tu wastani wa siku unapokuwa chini ya nyuzi 8 kwa siku 5 mfululizo. Kwa hiyo Septemba nyumba hupoa, na mwenye nyumba hana swichi ya kubonyeza. Nilipewa blanketi la pili na soksi za sufu. Mabomba yalipofunguliwa, chumba kilipata joto jingi hata tukawa tunafungua kidirisha. Anayepanga kwenda majira hayo abebe nguo nzito za kuvaa ndani ya nyumba.

Mazoea mengine ni mepesi: viatu huvuliwa mlangoni na mgeni hupewa ndara, hakuna kupiga mluzi ndani, na mtu mzima huitwa kwa jina lake likifuatiwa na la baba yake.

Malalamiko yangu makubwa ni ya fedha. Niliambiwa kwamba kadi yangu ya benki itatosha, ilhali kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi nchini humo tangu Machi 2022. Kama nisingekuwa na dola taslimu alizonisisitizia mjomba wangu, ningeanza masomo kwa kukopa. Wakala anayepokea ada ya mwanafunzi ana wajibu wa kulisema hilo kabla ya jambo lingine lolote. Pia ulizeni kwa maandishi ni nani atakayewasilisha taarifa ya makazi yenu kwa mamlaka, kwa kuwa sheria hutoa siku 7 za kazi na si kila mwenye nyumba anapenda kwenda ofisini. Mama yangu mwenyeji alikwenda mapema, akaichukua kadi yangu ya uhamiaji na pasipoti, akarudi na karatasi yenye muhuri.

Sitampendekezea huduma hii anayependa kurudi usiku wa manane, kwani metro hufungwa karibu na saa sita, na baadaye madaraja ya mto Neva huinuliwa kupisha meli hadi alfajiri; aliyebaki ng'ambo hana njia rahisi ya kurudi, na mama atakaa macho akimngoja. Mkataba wangu ulikuwa wa mwezi mmoja. Ulipokaribia kwisha, shule ilinipatia nafasi bwenini kwa bei ndogo zaidi, nami nikaomba kuongezewa muda palepale Vasilyevsky hadi mwisho wa muhula.