Uzoefu wangu: kuweka sawa majina kwenye nyaraka baada ya kuolewa (Mbeya)

Kwa dada zangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa ambao jina la kitambulisho na la vyeti hayafanani: nilitumia huduma ya wakili hapa mjini kuyaweka sawa, na nampa nyota nne kati ya tano.

Hali yangu ilikuwa hivi. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na akaunti ya benki vina jina la baba. NIDA (kitambulisho cha taifa) nilijiandikisha nikiwa nimeshaolewa, nikaandika la mume. TIN (namba ya mlipa kodi) na leseni ya biashara vikafuata NIDA. Nauza mchele wa Kyela na maharage Mwanjelwa, na kwa miaka hakuna aliyeniuliza, mpaka nilipoomba mkopo wa kuongeza mtaji. Afisa mikopo akaingiza namba ya NIDA, nikaweka kidole, yakatokea majina ambayo si ya mwenye akaunti. Mkopo ukasimama hapo hapo. Msimu wa mavuno ukapita nikiwaangalia wenzangu wakijaza stoo. Iliniuma sana, maana marejesho ya mkopo wa kwanza nililipa bila kuchelewa hata mara moja.

Nikampelekea cheti cha ndoa, akakikataa. Baadaye nilielewa kwa nini, na naona wanawake wengi tunakwama hapa. Cheti cha ndoa kinathibitisha kwamba fulani na fulani wameoana, na jina la bibi harusi lililomo ni lile aliloingia nalo kwenye ndoa. Hakisemi kwamba kuanzia siku hiyo anaitwa kwa jina la mume. Wala Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kulichukua. Ni mazoea yetu tu, na mifumo ya siku hizi inayosoma alama za vidole haijui mazoea.

Wakili nilielekezwa na jirani yangu wa kizimba. Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakukimbilia kuandika. Aliniambia nilete kila karatasi yenye jina langu, akazitandaza mezani mafungu mawili, akauliza, "Mama, kati ya hizi ni zipi hazitabadilika?" Vyeti vya shule vinabaki na jina ulilofanyia mtihani. Basi, akasema, tuanzie hapo. Kiapo peke yake kingeeleza kwamba majina yote mawili ni yangu, lakini ningekibeba kila ninakokwenda, na huko nako si wote wangekipokea. Akashauri hati ya kubadili jina, ambayo inasainiwa, inalipiwa ushuru wa stempu, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo ndiyo niliyoambatanisha na cheti cha kuzaliwa kwenye maombi ya marekebisho NIDA. Kwa wenye hofu: namba yako ya tarakimu 20 inabaki ile ile, linalobadilika ni jina.

Kwa hiyo nikarudi kwenye jina la baba. Karatasi zilikuwa kazi ndogo, kazi kubwa ilikuwa nyumbani. Mama mkwe alisikia, akapanda gari kutoka Kyela kuja kuuliza kama ndoa imevunjika. Nilimpikia, tukakaa, nikamwonesha barua ya benki. Mume wangu akamwambia, "Mama, jina la kwenye kadi halimtoi huyu hapa nyumbani. Ni mke wangu, na kanisani wataendelea kumwita mama fulani kama zamani." Alikubali polepole. Ukiweza, zungumzeni kabla hujasaini chochote, kwa sababu huku kwetu jina ni jambo la ukoo mzima.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya gharama. Ada niliyotajiwa mwanzoni ilikuwa ya kuandika hati tu. Ushuru wa stempu na ada ya usajili vilikuja baadaye, nikalazimika kugusa hela ya mzigo. Muulize jumla yote siku ya kwanza, na udai risiti ya kila malipo.

Baada ya NIDA kukaa sawa, TIN na leseni nilizifuatilia bila shida kubwa. Laini ya simu haikubadilika yenyewe, ilibidi niende kuisajili upya kwa kidole. Hilo msilisahau kama mnapokea malipo kwa simu: wateja wangu wa Tunduma walikuwa wanaona jina moja kwenye simu na jingine kwenye risiti, wakawa wanapiga kuuliza kabla ya kutuma. Sasa wanatuma moja kwa moja. Mkopo nimeomba tena na safari hii majina yamelingana. Imebaki kadi ya mpiga kura, nayo nitaishughulikia watakapokuja kuboresha daftari.